Nafunga uzi kwenye fimbo za kuvulia na macho hayanisaidii tena, ninunue kioo gani?

Shikamoo anko,

Mi ni mama wa miaka 46, naishi Mafinga. Nalima viazi kama wengine ila kinacholipa ada ya wanangu ni kutengeneza fimbo za kuvulia samaki, najua wengi watashangaa, ngoja nieleze. Baba yangu alikuwa anawasindikiza wageni kule Mufindi kwenye mashamba ya chai, wale wanaokuja kuvua trauti, sasa fimbo ikivunjika au pete ikichomoka baba ndo alikuwa anaifunga upya jioni jikoni kwetu na mi nimemshikia uzi. Alipofariki wale watu wakawa bado wanamuulizia, nikasema leteni nijaribu, na mpaka leo naletewa, nyingine za matengenezo, nyingine natengeneza mpya kabisa.

Kwa asiyejua, kwenye fimbo kuna vile vipete ambavyo mshipi unapita. Kila kipete kina mguu bapa, unaulaza juu ya fimbo halafu unauzungushia uzi mwembamba kuliko wa cherehani, mzunguko unalala ubavuni mwa mwenzake, usipande juu, usiache upenyo. Mwisho unaivuta ncha ya uzi kwa kitanzi ipite chini ya mizunguko, unakata na wembe, unapaka epoksi, ile gundi inayokauka ngumu juu ya uzi. Fimbo moja inaweza kuwa na vipete kumi na kitu.

Sasa tangu mwaka jana sioni vizuri. Uzi mwekundu naupata pata, ila uzi mweusi kwenye fimbo nyeusi ndo basi, nafunga kwa kupapasa na ukucha. Nina miwani ya kusomea +1.75 nilinunua barabarani elfu tano, kwenye simu na Biblia iko poa, kwenye uzi haitoshi. Mwezi wa tatu nilienda Mbeya nikanunua kidude cha kuvaa kichwani chenye kitaa, muuzaji akaniambia hii mama ni mara 10, ndo kubwa kuliko zote, nikatoa elfu 35. Anko, nikiivaa lazima uso uwe karibu kabisa na fimbo, naona mizunguko mitatu minne tu pembeni ni ukungu, brashi inagonga kioo, na nikikaa nusu saa kichwa kinauma mpaka nyuma ya shingo.

Kilichoniuma zaidi, mteja mmoja karudisha fimbo. Kipete cha tatu kutoka juu nilikuwa nimeacha upenyo, maji yakaingia, mguu ukaota kutu. Hakunigombeza ila nilikaa na ile fimbo mezani nikaiangalia jioni nzima.

Mume wangu anasema tumia kamera ya simu. Jirani anasema niache kabisa maana miwani ya kukuza inaharibu macho, ukiizoea huwezi tena bila yenyewe. Nimebakiwa na elfu 70 ya kununulia kitu cha maana. Ninunue nini, na je naweza kuvaa juu ya miwani yangu?

Mama wa fimbo, Mafinga

*

Marahaba mama, kamwene huko Mafinga na pole kwa ile fimbo iliyorudi. Mtu aliyekaa na kazi yake mbovu jioni nzima akaiangalia bila kumlaumu mtu, huyo ni fundi. Nimekuwa fundi saa hapa Mbeya miaka mingi na shida yako naijua kwa macho yangu mwenyewe, kwa hiyo ntakujibu kwa urefu.

Tuanze na jirani maana hilo linakunyima usingizi bure. Miwani ya kukuza haiharibu macho. Ndani ya jicho kuna lenzi, ukiwa kijana ni laini inajibinua ukitazama karibu, kuanzia miaka ya arobaini inakuwa imeshakuwa ngumu, haijibinui tena sawasawa, na hiyo inampata kila mtu, mwenye miwani na asiye na miwani. Inavoendelea kuwa ngumu ndo unahitaji namba kubwa zaidi, watu wanadhani ni miwani imeleta, hapana, ni miaka.

Ila kabla hujatoa hata shilingi nenda kapime macho, hospitali ya mkoa Iringa wana kliniki ya macho, ukija huku Mbeya iko hospitali ya rufaa ya kanda. Nakusisitizia kwa sababu zipo shida za macho ambazo hakuna kioo kinazisaidia, mtoto wa jicho, presha ya macho, sukari. Fanya hivi leo, ziba jicho moja kwa kiganja angalia kalenda ukutani, badilisha lingine. Kama jicho moja liko chini sana kuliko mwenzake, au mistari inaonekana imepinda, au taa usiku ina duara la rangi rangi, au kwenu kuna mtu alipofuka kwa presha ya macho, usingoje mwezi uishe, nenda wiki hii.

Haya sasa kioo. Muuzaji alikuuzia namba kubwa, na wote tunaangukia hapo, tunadhani mara 10 ni bora kuliko mara 2. Kukuza siyo uchawi mama. Ukiwa na uzi sentimita 40 kutoka kwenye jicho ukausogeza mpaka 20, unauona mkubwa mara mbili, bila kioo chochote. Shida ni kwamba jicho la miaka 46 ukilisogezea hivo linashindwa kusafisha picha. Lenzi inachofanya ni kukuruhusu usogee karibu na bado uone safi, basi. Kwa hiyo kila ukiongeza nguvu unasogea zaidi, eneo unaloona linapungua, na kina kinapungua pia, yaani juu ya uzi pako safi, ubavuni mwa fimbo tayari ukungu. Mara 10 ya kweli inataka kazi ikae kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye lenzi. Mkono, brashi na wembe utavipitisha wapi hapo? Ndo maana brashi ilikuwa inagonga. Na epoksi ikiwa mbichi ukiweka pua hapo unavuta hewa yake yote, hiyo nayo siitaki kwako.

Kwa hiyo unanunua umbali. Chukua futi, ile ya fundi cherehani, kaa mezani kama unavokaa siku zote, viwiko vimetulia, fimbo mbele yako, mwanao apime kutoka kwenye kope mpaka kwenye uzi. Wengi wanapata kati ya 30 na 35. Sasa gawanya 100 kwa hiyo namba. Ukipata 33 jibu ni 3, maana yake jicho linaloona mbali vizuri bila miwani linahitaji +3.00 ili litulie kabisa kwenye umbali huo. Ukitaka kufanya kazi kwenye sentimita 25 ni +4, kwenye 20 ni +5.

Angalia sasa hiyo +1.75 yako, 100 gawanya kwa 1.75 ni kama sentimita 57. Hapo ndo panapopumzisha jicho lako, simu ukiwa umenyoosha mkono kidogo. Uzi wewe unaufunga kwenye 30 na kitu, zile sentimita zote zilizobaki jicho linasukuma kwa nguvu yake lenyewe, na nguvu hiyo kwa umri wako imebaki kidogo. Asubuhi linaweza, saa nane mchana limechoka, unaanza kuacha upenyo na wala hujui. Nadhani kile kipete cha tatu ulikifunga jioni.

Kitu cha kwanza cha kununua basi ni miwani nyingine ya kusomea, +3.00 kama kipimo cha hospitali kitakubaliana na hesabu yangu, na iwe ya kazi tu, inakaa kwenye boksi la nyuzi. Usitembee nayo, ukisimama kwenda kutoa chungu jikoni ivue, sakafu utaiona ukungu na unaweza kujikwaa. Hiyo peke yake itafanya kazi yako sehemu kubwa, ule uzungushaji mrefu ambao mkono unaujua wenyewe.

Ukiwa dukani ipime hivi, nilifundishwa na mzee aliyenipa kazi ya saa. Simama upande wa pili wa chumba kutoka kwenye mlango au dirisha, weka lenzi moja karibu na ukuta, irudishe nyuma taratibu mpaka uone picha ndogo ya nje ukutani, kichwa chini miguu juu, paa la nyumba ya mbali au miti. Picha ikiwa safi kabisa pima kutoka ukutani mpaka kwenye lenzi. +3 inakupa karibu sentimita 33, +2 inakupa 50. Halafu rudia na lenzi ya pili. Kama moja inakupa 33 na nyingine 28 rudisha mezani chukua nyingine, hata kama fremu ni nzuri, hiyo ndo inayoleta kichwa kuuma. Na inyooshee mbele mkono mzima uangalie fremu ya mlango kupitia katikati ya kioo, ikionekana imejikunja kunja kama maji achana nayo.

Kitu cha pili ni ile ya kuvaa kichwani, siyo kama uliyonunua, namaanisha inayokaa kama kofia yenye lenzi moja ndefu au mbili za kutazama kwa macho yote mawili, unaishusha ukitaka unaifunua juu usipotaka. Macho mawili ni muhimu sana kwa kazi yako. Ukitazama kwa jicho moja unapoteza kujua kipi kiko juu kipi chini, na wewe unaingiza ncha ya uzi chini ya uzi, unakata na wembe milimita moja kutoka kwenye fimbo ya mtu. Hizi za bei ndogo huwa zina lenzi za plastiki za kubadilisha tatu nne, chukua hizo hizo, we tumia ile ndogo ndogo, inayokaribia mara 2. Lenzi za plastiki zinachubuka, usifute na kanga yenye vumbi, osha na maji na sabuni kidogo kwanza. Ile orijino ya Marekani inayoitwa OptiVISOR lenzi zake ni za glasi na namba zake ni za umbali, namba 3 unafanyia kazi kama sentimita 35, namba 5 kama 20, namba 7 kama 15, namba 10 kama 10 tu, ni nzuri kweli ila kwa elfu 70 usijiumize kuitafuta.

Usichanganye maandishi. Kwenye kofia wakiandika mara 1.75 siyo sawa na +1.75 ya miwani yako. Wauzaji wengi wanachukua namba ya lenzi wanagawanya kwa 4 wanaongeza 1, kwa hiyo +3 wanaiita mara 1.75, na +5 wanaiita mara 2.25.

Umeuliza kama unaweza kuvaa juu ya miwani. Ndiyo, na namba zinajumlishana. Ukivaa +1.75 yako na juu yake kofia ya +3 umepata +4.75, yaani karibu sentimita 21. Hiyo ni nzuri kwa kuanzia uzi pale unapopanda kwenye ncha ya mguu wa kipete, na kwa kumalizia. Ila usivae kofia juu ya ile +3.00 mpya, utajikuta kwenye sentimita 17 shingo imekunjika. Na nguvu zikizidi sana macho yanalazimika kujikunja kuelekea puani, ndo unaanza kuona mbili mbili.

Taa zile kubwa za mezani zenye lenzi ya duara na mkono wa kukunja, ni nzuri, mikono inapita chini bila shida na huvai kitu. Kwako naona tatizo moja, fimbo ni ndefu unaizungusha na kuisogeza, kila ukihamia kipete kingine inabidi uhamishe taa au uhamishe fimbo. Ningekuwa nashona shanga sehemu moja ningeichukua hiyo.

Sasa mwanga, na hapa naomba unisikilize kuliko kote, maana nimeona mafundi wanabadilisha lenzi tatu wakati shida yao ni balbu. Jicho la miaka 46 linataka mwanga mwingi kuliko la 20, na sisi huku kipindi cha baridi Juni Julai ukungu wa Mufindi unakaa mpaka saa nne, chumba kinakuwa kama kaburi. Nunua taa ya mezani yenye shingo ya kukunja, balbu nyeupe ya LED. Iweke kushoto kama unatumia mkono wa kulia, ishushe chini karibu na usawa wa fimbo ili mwanga uje ubavuni. Mwanga ukitoka juu au kwenye paji la uso, uzi unaonekana bapa kama umechorwa. Ukitoka ubavuni kila mzunguko unaweka kakivuli kake, na palipo na upenyo unaona mstari mweusi au mng'ao wa fimbo. Kwa huo uzi mweusi kwenye fimbo nyeusi hicho ndo kitakuokoa. Halafu tandika karatasi nyeupe chini ya fimbo ukifanya uzi mweusi, ukifanya uzi mweupe tandika kitambaa cheusi. Jaribu leo usiku kwa tochi ya simu ukiwa na miwani yako ya zamani, zungusha tochi kutoka juu mpaka ubavuni, utaniambia.

Baridi hiyo hiyo italeta ukungu kwenye lenzi, pumzi ya moto inakutana na kioo cha baridi. Weka kofia yako karibu na jiko dakika chache kabla ya kuanza, siyo juu ya jiko, karibu. Na jua likitoka usiache lenzi yoyote dirishani, inakusanya jua sehemu moja na inaweza kuwasha karatasi na kopo la vanishi lililo pembeni. Ukimaliza funika na kitambaa.

Mume wako hajakosea sana. Kufanyia kazi kwenye kioo cha simu ni ngumu, picha inachelewa kidogo nyuma ya mkono na haina kina. Ila kukagulia simu iko vizuri mno. Ukimaliza kila kipete, kabla ya epoksi, piga picha ya karibu na ikuze kwa vidole, zungusha fimbo robo piga tena. Upenyo ukiuona wakati huo unausukuma na ukucha dakika moja umeisha. Na hicho kidude cha mara 10 usikitupe, kazi yake ni hiyo hiyo ya kukagua, kutafuta kipovu kwenye epoksi au ufa kwenye kipete kile cha juu kabisa, sekunde ishirini unavua.

Shingo yako nayo nimeifikiria. Wengi tunashusha kichwa kuifuata kazi. Mwambie mwanao akate vibao viwili vya paini, huko Sao Hill mabaki hayakosekani, kila kimoja kina mkato wa V juu umewekwa kitambaa laini, virefu kiasi kwamba fimbo inakuja juu kuelekea usoni kwako viwiko vikiwa bado mezani. Baada ya kila kipete inua macho uangalie mbali, msitu au barabara, pepesa pepesa, maana tukikodolea uzi tunasahau kupepesa na macho yanakauka.

Tukipiga hesabu elfu 70 yako, anza na hospitali, halafu miwani, halafu taa, kofia iwe ya mwisho na kama haitoshi mwezi huu subiri, miwani na taa vitakuwa vimeshakusogeza mbali.

Ile fimbo ya mteja usiiache ukutani. Vaa miwani yako ya zamani na kofia, taa ubavuni, pitisha wembe mpya taratibu juu ya mguu wa kipete, juu ya chuma, kamwe usikate pale uzi unapogusa fimbo maana mkwaruzo mmoja kwenye fimbo ndo itavunjikia hapo. Ipashe joto kidogo na mashine ya kukaushia nywele, uzi na epoksi vitatoka kama ganda. Kipete kama kutu ni ya juu juu isugue na msasa laini mpaka king'ae, ncha ya mguu iinoe iwe nyembamba ili uzi upande bila kuruka, na kama kutu imekula badilisha kipete kwa gharama yako. Funga upya, piga picha, paka epoksi koti mbili, na kila koti izungushe fimbo taratibu mpaka epoksi iache kutiririka. Ukimpelekea mpelekee na ile picha ya uzi kabla ya epoksi.